Gari la Zimamoto Litapita Wapi?

Sehemu ya tano

Mliniacha nyuma ya nguzo ya umeme, nimejibana kama mwizi wa kuku, namwangalia Fundi Saa akitoka ofisini kwa Vigae huku anacheka.

Aliyechelewa kunifuata nimweleze asipotee. Mimi ni mshona mapazia. Nakaa na mama yangu kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, nyumba ya mwisho kwenye mtaa ambao ukiingia huna pa kutokea ila kurudi ulikotoka. Nyuma yetu kuna uwanja wa karakana ya zamani ya mabasi. Tajiri mmoja tunayemwita Vigae, aliyeanza kwa kuuza vigae na sasa anauza nyumba nzima nzima, anataka kujenga pale nyumba ishirini na nane za ghorofa, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Madirisha ya juu yatatuchungulia hadi vitandani.

Tukakataa. Tukaunda kamati ya wapinzani, jirani yetu Fundi Saa naye akiwemo, na mimi nikawa katibu kwa sababu nilikohoa pale mwenyekiti alipouliza nani yuko tayari.

Tangu siku hiyo mambo yangu yanakwenda mrama. Kila tunalolipanga, Vigae analijua. Tukisema madirisha yanachungulia, tunasikia kayapandisha juu. Tukisema maji ya mvua yatatumwagikia sisi, tunasikia kachora mtaro. Nikasema hapa kuna mtu anapeleka maneno. Na baada ya kile kicheko cha mlangoni kwa Vigae, nikawa na hakika ni nani.

Kamati yetu hukutania sebuleni kwa Mwalimu, mwenyekiti wetu. Kastaafu zamani, lakini akiongea bado ananyanyua kidole kama ameshika chaki. Viti vyake havitoshi, kwa hiyo kila mtu huja na chake. Siku ile nilisubiri wote wakae.

"Kabla hatujaanza," nikasema, "humu ndani kuna mtu mguu mmoja uko hapa, mwingine uko kwa Vigae."

Mke wa Mwalimu akarudi jikoni na sinia lake la chai bila kumpa mtu.

"Dada Mapazia, mtaje," akasema Fundi Saa.

"Mwenyewe anajijua."

"Mbona unaniangalia mimi?"

"Ukiona panya anamcheka paka, ujue shimo liko karibu. Ulikuwa unafanya nini ofisini kwa Vigae?"

Nilitegemea atababaika. Hakubabaika. Alinitazama kama anavyotazama saa iliyoletwa na mtu ambaye ameshaifungua mwenyewe kwa kisu.

"Saa yao ya ukutani ilisimama. Wakaniita. Mimi ni fundi saa, ulitaka nikawashonee mapazia?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Na kilichokuchekesha?"

"Saa haikuwa mbovu. Iliishiwa betri. Ofisi nzima ya wasomi wameizunguka, hakuna aliyewaza betri."

Wakacheka zaidi. Hapo ningenyamaza yangeishia palepale. Lakini mimi nikishashika jambo ni kama kupe, na nilikuwa nimeshalala nalo na kuamka nalo. Nikamuuliza Mwalimu: hivi ni nani alikaa karibu na mlango siku ya mtaro? Fundi Saa. Ni nani hutoka mapema kila kikao? Fundi Saa. Ni nani hajawahi kumtukana Vigae hata kwa utani? Huyohuyo.

Kila swali lilipunguza kicheko. Watu wakaanza kuvuta viti vyao mbali na chake, kidogo kidogo, kama ambao hawavuti.

"Mimi natoka mapema kwa sababu nafunga kibanda," akasema. "Na simtukani Vigae kwa sababu matusi hayajawahi kuzuia nyumba kujengwa."

"Umesikia?" nikamwambia Mwalimu. "Anamtetea."

Mwalimu akanyanyua kidole, akasema tupige kura. Mikono ikapanda. Wengine waliinyanyua nusu, ukiitazama kwa mbali utadhani wanajikuna, lakini ilihesabiwa. Fundi Saa akatolewa kwenye kamati.

Alisimama, akakunja kiti chake.

"Mimi naishi kwa watu kuniachia vitu vyao," akasema. "Huyu saa ya marehemu babu yake, yule mkufu wake wenye saa. Kesho mtaa mzima utajua kwamba mmeniita msaliti. Nani ataniachia kitu?"

Mimi nilijisikia mshindi, nawaambia ukweli. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Mama alikuwa dirishani, anapinda pindo la pazia la mteja kwa mkono. Miguu inamsumbua, lakini vidole vyake havijazeeka.

"Mmemfanya nini Fundi?" akauliza. Habari zilishafika kabla yangu.

"Tumemtoa."

"Kwa saa ya ukutani?"

"Mama, anatuuza."

"Umemsikia akiwauza?"

"Nimemuona anacheka."

Akakata uzi kwa meno. "Umemwaibisha mtu mzima mbele ya majirani zake kwa kucheka. Ukikosea utapitia wapi?"

"Sijakosea."

"Haya." Akatunga uzi mwingine kwenye sindano. "Hivi huyo Vigae akijenga, mbingu itaanguka?"

Nikaacha kuvua viatu. Mama si mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo. Tangu tangazo la ujenzi libandikwe kwenye geti la karakana, hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anasikiliza tu na kupinda mapindo yake.

"Nyumba yetu itakuwa uani kwa watu, Mama. Hiyo ndiyo mbingu yenyewe. Tukitoka hapa tutakwenda wapi? Cherehani nitaiweka wapi?"

"Nimeuliza tu."

Nilimwangalia sana. Kisha nikajiambia ni miguu inamuuma, mtu mwenye maumivu huongea lolote. Nikaenda kushona.

Sasa niwaambie kuhusu silaha yetu. Tulikuwa na mapingamizi mengi, lakini moja lilikuwa baba wa yote. Kanuni za baraza la mji zinasema nyumba nyingi namna ile lazima ziwe na njia mbili: ya kuingilia, na ya dharura, pana ya kutosha gari la zimamoto. Vigae ana geti moja tu, upande wa barabara kuu. Njia ya pili haiwezi kutokea popote isipokuwa kwenye mtaa wetu, na mtaa wetu umezibwa na nyumba zetu. Bila njia ya pili hakuna kibali. Na sisi sote tuliapa kwamba hakuna atakayetoa hata upana wa ufagio.

Kwa hiyo siku ya kikao cha wazi cha Kamati ya Mipango ya baraza, ile inayotoa vibali, nilivaa gauni langu la bluu na kwenda nikiwa na uhakika. Mama alisema miguu haimruhusu. Nikamwachia chai kwenye chupa.

Ukumbi wa baraza ulishajaa. Michoro ya Vigae ilibandikwa kwenye mbao pembeni, nyumba zimepakwa rangi nzuri, na miti iliyochorwa pale haijawahi kuota kwenye karakana ile. Vigae mwenyewe kakaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, anatafuna kijiti cha meno. Mtu anayekwenda kunyimwa kibali hatulii vile.

Nikamfuata Ofisa Mipango, msichana mwenye miwani aliyekuwa anapanga mafaili yake mezani. Nikainama kama nataka kuuliza choo kiko wapi.

"Mdogo wangu," nikasema, "wewe uko humu ndani, unaona mengi. Hebu niambie, nani anampelekea Vigae maneno yetu?"

"Mimi," akajibu.

Nilidhani sijasikia. "Nani?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu, dada. Pingamizi likiingia, nakala inakwenda kwa mwombaji ili aje na majibu. Na nyinyi mna haki ya kuyaona majibu yake. Mbona tangazo la getini limeeleza? Nilitegemea mtakuja kuyasoma, hamkuja."

"Yote? Madirisha? Mtaro?"

"Yote mliyoyaleta hapa."

Nikashika ukingo wa meza. Tulikuwa tukimaliza kikao Mwalimu ananituma palepale nipeleke pingamizi barazani, moto moto, na mimi nilikuwa naona fahari kugongewa muhuri. Kumbe mpeleka maneno alikuwa mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

"Kwa hiyo Fundi Saa hakusema kitu?"

"Fundi Saa ndiye nani?" akauliza.

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonitisha kuliko aibu.

"Na lile la njia ya pili? Nalo kapelekewa?"

"Lile?" Akatabasamu, na hakutabasamu kwa ubaya. "Lile ndilo mlilolieleza vizuri kuliko yote. Hata mchoraji wake alisema hajawahi kupata pingamizi lenye vipimo kamili hivyo. Nani alipima?"

Nilipima mimi. Mwalimu alisema pingamizi bila vipimo ni umbea, basi nikachukua utepe wangu wa mapazia nikapita nyumba kwa nyumba, kila upenyo kati ya ukuta na ukuta, nikaandika. Wiki nzima watu walinipa maji ya kunywa na kunisifu. Na mwishoni, kwa kiburi changu, nikamalizia hivi: upenyo pekee unaoweza kupitisha gari la zimamoto ni ule wa ubavuni mwa nyumba ya mama yangu, na huo hautolewi ng'o.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtu alikuwa anatafuta mlango gizani, nami nikamwashia taa na kumwonyesha kitasa.

Kengele ikalia. Nikarudi kukaa kati ya majirani zangu. Nikajituliza. Hata kama anaujua upenyo, upenyo ni wa mama. Mama hawezi. Mama yuko nyumbani anakunywa chai yake.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini. Watu wa sauti ya chini ndio wa kuogopwa. Alimpa mchoraji wa Vigae nafasi, akaeleza madirisha yaliyopandishwa, akaeleza mtaro. Kila jibu lilitosha pingamizi letu kama kifuniko na sufuria yake, na sasa nilijua kwa nini.

Mwalimu akanigusa bega. Zamu yetu.

Nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyakariri, yakatoka yenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi tuna swali moja tu. Nyumba ishirini na nane, watoto humo, wazee humo. Ikitokea moto na geti limezibwa, gari la zimamoto litapita wapi?"

Majirani wakapiga makofi. Mke wa Mwalimu akasema mwambie, mwambie. Kwa muda mfupi nikasahau yote.

Mchoraji akafungua mchoro mwingine, akaubandika juu ya ule wa kwanza. Nilitambua mtaa wetu. Nilitambua nyumba yetu. Ubavuni mwake palikuwa na mstari mwekundu, mnene, umenyooka kutoka karakana hadi barabara ya mtaa wetu.

"Hapa," akasema. "Mwenye kiwanja ameridhia."

"Huo ni uongo," nikasema. "Mwenye kiwanja ni mama yangu mzazi. Na mama yangu yuko nyumbani, miguu inamuuma."

Mwenyekiti akatazama juu ya vichwa vyetu, kule nyuma.

"Mwenye kiwanja yupo ukumbini?"

Nikasikia kiti kikilalamika. Watu wakageuka, na mimi nikageuka.

Mama alikuwa amesimama mstari wa mwisho. Kavaa viatu vyake vya kuendea harusini, kashika mgongo wa kiti cha mbele yake. Pembeni yake kakaa dereva wa Vigae, kampakatia mkoba wake.

"Nipo," akasema.

"Umeridhia njia ipite kwenye kiwanja chako?"

"Nimeridhia."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Nina umri wa kulazimishwa, mama?"

Nilimtazama yule mwanamke na nikaona kama simjui. Asubuhi nimemuacha na kanga begani, hawezi kushuka ngazi tatu za mlangoni. Nani alimshusha? Lini alikubali? Huyo dereva kamjulia wapi mpaka amshikie mkoba? Na chai yangu kaiacha kwenye chupa?

Ndipo nikahisi macho. Majirani walikuwa hawamtazami tena mama. Walikuwa wananitazama mimi.

Kutoka upande wa pili wa ukumbi mtu akanyanyua mkono. Fundi Saa. Kamati tulimtoa, lakini mtaani bado anaishi, na kikao kilikuwa cha wazi.

"Naomba kuuliza, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Huyu mama anakaa na nani?"

Hakukuwa na haja ya kumjibu, mtaa mzima ulikuwa na jibu.

"La pili. Nyumba ishirini na nane za ghorofa zina madirisha mangapi? Nauliza kwa sababu kwetu kuna mshona mapazia mmoja tu."

Ukumbi ukavuma. Mke wa Mwalimu, aliyekuwa amebanana nami kwenye benchi, akasogea. Akasogea vilevile tulivyosogea mbali na Fundi Saa, kidogo kidogo, kama asiyesogea.

"Nawaapia sikujua," nikasema. "Mwalimu, wewe unanijua."

"Nakujua," akasema Mwalimu. Kidole hakukinyanyua safari hii. "Wewe ndiye uliyepima."

"Ulinituma wewe."

"Nilikutuma upime tulivyobanana. Sikukutuma umwonyeshe mtu pa kupita."

"Na siku ile ulivyomkalia kooni Fundi," akasema mke wake. "Kumbe ulikuwa unatutupia vumbi machoni."

Ningewaambia nini? Kwamba hakuna aliyetuuza, kwamba tulijiuza wenyewe kwa muhuri wa baraza? Kwa ushahidi uliokuwepo, hata mimi ningejipigia kura ya kunitoa. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe namna ya kumhukumu mtu: alikaa wapi, alitoka lini, alicheka na nani.

Mwenyekiti akagonga meza mara moja, na kelele zikakatika.

"Dada, wewe ni katibu wa wapinzani. Nataka jibu lako liingie kwenye kumbukumbu. Pingamizi la njia ya pili mnaendelea nalo dhidi ya ridhaa ya mwenye kiwanja, au mnaliondoa?"

Nikiendelea, nitakuwa nimesimama mbele ya watu kumkana mama yangu kwenye nyumba yake. Nikiliondoa, ndiyo nimekiri kwamba tulipanga naye, na mtaa ule sitaishi tena. Sikutaka pingamizi tena, wala ushindi. Nilitaka neno moja tu, na lilikuwa kwa mtu mmoja.

Nikageuka nyuma. "Mama," nikasema. "Waambie sikujua. Hilo tu. Mengine tutayaongea nyumbani."

Dereva wa Vigae akataka kumshika mama mkono, mama akautoa. Mama yangu hajawahi kunisingizia hata sahani iliyovunjika. Kwa hiyo nilimsubiri bila hofu, nawaambieni kweli, nilimsubiri kama mtoto anayesubiri kuchukuliwa shuleni.

Akanitazama usoni, hakunikwepa.

"Anajua," akasema. "Ni mwanangu. Sifanyi jambo bila yeye."

Nilitafuta kwenye uso wake hasira, au woga, au dalili kwamba ananificha kitu kibaya zaidi ya hicho. Alikuwa ameshaanza kukaa, polepole, huku akijishikilia kwenye kiti.

Mwenyekiti akamgeukia karani wake.

"Andika," akasema. "Katibu wa wapinzani alikuwa na taarifa."

Karani akaandika.